Mifupa ya Kale ya Kenya: Tuwajibu Vipi Watoto?



Katika kuzunguka vikundi vya pande za Gakindu tumekutana na swali hili mara nyingi, na kwa kawaida huulizwa mkutano ukishafungwa, watu wakingojea chai. Mtoto ametoka shuleni na kitabu cha historia. Kitabu kinasema watu wa kwanza walionekana hapa Afrika, na kwamba wazee wao wa zamani sana walifanana na sokwe. Baba anakasirika. Kanisani amefundishwa Adamu na Hawa, na kwa nyanya yake alisikia habari za Gikuyu na Mumbi pale Mukurwe wa Nyagathanga. Basi mtoto anyamazishwe? Sisi twaona afadhali mzazi ajue kwanza ni kitu gani kimepatikana, ndipo ajibu.

Kilichopatikana ni mifupa iliyogeuka mawe. Wataalamu huiita visukuku. Mnyama akifa kando ya ziwa au mto na kufunikwa upesi na matope au jivu la volkano, maji yenye madini huingia ndani ya mfupa kidogo kidogo mpaka unakuwa jiwe, lakini umbo linabaki lile lile.

Mbona hatuipati kwenye mashamba yetu ya kahawa? Udongo wetu mwekundu una asidi na mvua ni nyingi, kwa hiyo mfupa huoza upesi. Kule Turkana na Baringo nchi ni kavu, na maji ya mvua chache yamechimba makorongo yakafunua matabaka ya zamani. Kumbe mmomonyoko ule ule tunaoupiga vita hapa kwa matuta ya fanya juu, kule ndio unaowafunulia wataalamu mifupa!

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, Mary Leakey alipata fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Walimwita Proconsul. Hakuwa na mkia, tofauti na tumbili. Mwaka 2000, katika milima ya Tugen huko Baringo, ilipatikana mifupa ya Orrorin, ya miaka kama milioni 6. Waliomchunguza wanasema mfupa wake wa paja unaonyesha alitembea kwa miguu miwili, ingawa wengine bado wanabishana nao. Halafu kuna mvulana wa Turkana, ambaye ndiye tungependa mmjue vizuri.

Aliyempata ni Kamoya Kimeu, mwana wa Makueni, ambaye alisoma miaka michache tu katika shule ya misheni. Alianza kazi ya kuchimba mwaka 1960 akiwa na Louis na Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania. Mwaka 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Mwingine angekipita tu. Wenzake wakachimba na kuchunga udongo kwa misimu kadhaa, mpaka wakapata karibu mwili mzima wa kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa bado anakua, na tayari alikuwa na urefu wa kama mita 1.6. Ukitazama miguu na nyonga zake utaona mtu. Ukitazama kichwa, paji limelala na ubongo ni mdogo kuliko wetu. Kamoya alifariki mwaka 2022, na jina lake limepewa sokwe wa kale, Kamoyapithecus. Mvulana mwenyewe yuko Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Umri wanaujuaje? Jivu la volkano lina madini ya potasi. Sehemu ndogo ya potasi hiyo hugeuka kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika. Wakipima gesi iliyokusanyika, wanajua jivu lilianguka lini. Mfupa ulio kati ya matabaka mawili ya jivu una umri ulio kati yake.

Sasa, je, tulitoka kwa nyani? Hapana. Nyani wanaotuharibia mahindi si babu zetu. Fikirieni mbari: watu wawili wana babu mmoja wa zamani, lakini mmoja hakumzaa mwingine. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyosema juu ya binadamu na sokwe wa leo.

Na imani? Papa Pius XII, katika barua yake ya mwaka 1950, aliwaruhusu Wakatoliki kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe waliotangulia, mradi tushike kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliongeza kwamba elimu hii sasa si makisio tu. Kwa hiyo mzazi Mkatoliki halazimiki kumchapa mtoto kwa kusoma kitabu chake, wala mwalimu hana haki ya kumwambia kwamba mifupa imemfuta Mungu. Mfupa hauwezi kupima roho.

Neno moja kwa wanaochimba visima, mawe ya kujengea au mabwawa. Mkikuta mfupa ulio mzito kama jiwe, au jiwe lililochongwa kama shoka, msiuvunje wala msiuze. Uacheni pale pale, wekeni alama. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka aliyeupata atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Mnaweza kuanzia kwa chifu. Ukishang'olewa bila kujulikana ulilala tabaka gani, umri wake ni vigumu kuujua tena.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

Watoto wetu wanatuuliza nini juu ya mwanzo wa watu, na tumekuwa tukiwajibu vipi?

Mifupa ikikutwa shambani, wazee wetu walikuwa wakifanya nini, na kwa nini?

Nani katika kikundi atapeleka habari kwa chifu kitu kama hicho kikipatikana?