Niliyojifunza kwa Kuangusha Mawe Gesima

Nimefundisha fizikia hapa Gesima hadi mvi zikanishika. Wewe unayeota uhandisi au urubani, chukua haya mapema.

1. Muda huingia mara mbili

Niliwahi kutangaza ubaoni kwamba jiwe likianguka kwa muda maradufu, litashuka umbali maradufu. Msichana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ule muda mwingine?" Nikaitazama kanuni niliyoiandika mwenyewe: nusu ya mvutano, mara muda, mara muda tena. Sekunde moja, mita 4.9, sekunde mbili, mita 19.6. Chaki ikanidondoka, nayo ikaitii kanuni kuliko mimi.

2. Badilisha namba moja tu

Nilidhani Mwezi una hesabu zake. Kumbe unaondoa 9.8, mvutano wa Dunia, unaweka 1.62, na katika sekunde mbili jiwe linashuka mita 3.24 tu. Mirihi, kwa 3.7, ni mita 7.4. Uzito wa jiwe haumo kabisa. Agosti 1971, David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kule Mwezini, vikatua pamoja. Nilipojaribu na unyoya wa kuku darasani, ulitoka dirishani. Mwezini hakuna hewa. Gesima tunayo tele.

3. Kichunguze kidole chako

Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Huku kwetu, karibu na ikweta na juu milimani, mvutano ni kama 9.77, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Nikaingiwa na tamaa ya kuipima tofauti hiyo kwa mawe na saa ya simu. Katika sekunde mbili, tofauti yenyewe ni sentimita 12. Sasa chelewa kubonyeza kwa sehemu ya tano ya sekunde: 19.6 inageuka 23.7. Nilikuwa nasaka sentimita kwa kidole kinachopoteza mita nne!

Ukitaka kuupima mvutano, funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, ulisukume kidogo, uhesabu mizunguko 50 ya kwenda na kurudi. Itachukua kama sekunde 100 na nusu, na kuchelewa kulekule kunakuwa kitu kidogo.

4. Uliza jiwe linatua wapi

Mshtarii, kwa 24.8, katika sekunde mbilimbili zile ni mita 49.6. Nilikuwa napiga mstari chini ya jibu na kuendelea, hadi kijana mmoja akauliza linagonga nini. Ile 24.8 ni ya juu ya mawingu, na chini yake hakuna ardhi, ni gesi inayozidi kubanwa. Tukakosa mapumziko ya chai tukibishana.