Iliki Mlimani, Karafuu Pwani: Urefu wa Nchi na Mavuno ya Viungo



Kwetu ni Vamizi, kimoja katika visiwa vya Kirimba, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Urefu wa kisiwa chetu ni kilometa 12 hivi, na upana wake haufiki kilometa 2. Ni nchi ya mchanga na mawe ya matumbawe, na kazi yetu kubwa ni uvuvi. Viungo tunavipenda sana, lakini kwetu havioti. Iliki ya chai, karafuu na mdalasini wa pilau, pilipili manga ya mchuzi, vyote huja kwa chombo na kununuliwa dukani.

Watu wengi wa kwetu hudhani kwamba viungo vyote ni "vitu vya Unguja". Nimejifunza kwamba sivyo. Karafuu ni mali ya Unguja na Pemba, kweli. Lakini iliki ya Tanzania hutoka zaidi milimani, hasa Usambara ya Mashariki, juu ya mji wa Tanga. Kwa nini mmea mmoja ustawi karibu na bahari, na mwingine utake kupandishwa mlimani? Katika makala haya nitajaribu kueleza jambo hilo, maana linahusu mfuko wa mkulima, na tena linahusu maji ya kunywa ya watu wasiolima hata shina moja la iliki.

Kwanza: joto hupungua jinsi tunavyopanda

Mtu aweza kusema: "Mlima uko karibu zaidi na jua, basi mbona kuna baridi?" Jibu ni hili. Jua huipasha ardhi joto kwanza, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa. Hewa ya chini imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Inapopanda, mzigo huo hupungua, nayo hutanuka. Na hewa inayotanuka hupoa. Aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kinyume chake: hewa ikibanwa ndani ya pampu, pampu hupata moto.

Kwa kawaida joto hupungua kadiri ya digrii 0.65 kwa kila mita 100 tunazopanda. Tufanye hesabu. Wastani wa joto la mwaka mjini Tanga ni digrii 26 hivi. Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, iko kadiri ya mita 900 juu ya bahari. Basi 0.65 mara 9 ni 5.85; toa 5.85 katika 26, inabaki digrii 20 na kidogo. Na vipimo vya Amani vyenyewe huonyesha kati ya digrii 20 na 21. Kwa hiyo hesabu yetu si ya ubaoni tu. Kutoka Tanga mpaka Amani si mbali, lakini kwa mmea ni kama kuhamia nchi nyingine.

Pili: mlima huvuta mvua

Pepo zitokazo bahari ya Hindi hubeba mvuke mwingi. Zikikuta mlima, hazina njia ila kupanda. Zinapopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke mwingi kama hewa ya joto. Mvuke hugeuka kuwa mawingu, ukungu na mvua. Ndiyo sababu Amani hupata karibu milimeta 1,900 za mvua kwa mwaka, na hata miezi ya kiangazi hainyimwi mvua kabisa. Lakini upepo ukiisha kuvuka mlima huwa umekwisha kumwaga maji yake. Tazama upande wa magharibi wa Usambara, kwenye tambarare ya Mkomazi: ni nchi kavu ya miiba. Basi tusiulize tu "Shamba liko juu kiasi gani?" Tuulize pia "Limeelekea wapi?"

Tatu: mmea hutumiaje joto na mvua

Mchana majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Lakini mmea nao hupumua mchana na usiku, na katika kupumua hutumia sehemu ya sukari hiyo. Usiku wa joto kali matumizi huwa makubwa; usiku wa baridi kiasi, akiba hubaki nyingi. Hata hivyo baridi ikizidi, kazi ya majani yenyewe hulegea. Kila mmea basi una kipimo chake cha katikati.

Iliki asili yake ni misitu ya milima ya kusini mwa India, na huko Kerala wako milima iitwayo kwa jina la iliki. Hupenda kati ya mita 600 na 1,500, chini ya kivuli cha miti mirefu. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo udongo wa juu ukikauka kwa majuma machache, mmea hutaabika. Majani yake ni mapana na hupoteza maji upesi juani. Maua yake hutokea karibu na ardhi, na nyuki ndio wanaoyachavusha. Shina huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na kwa kuwa tunda moja huiva leo na jingine baadaye, mchumaji hurudi shambani mara nyingi. Kilo 4 au 5 za iliki mbichi hukauka zikawa kilo 1 tu. Ukiupanda mmea huu pwani penye jua kali na kiangazi kirefu, majani yataungua na maua yatapukutika.

Karafuu ni mmea wa namna nyingine. Asili yake ni visiwa vya Maluku, kama Ternate na Tidore, katika Indonesia ya leo, na ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Hupenda joto na hewa ya bahari. Unguja na Pemba vilima vyake havifikii hata mita 200, na hapo hustawi sana. Katika Tanzania bara hulimwa kwenye miteremko ya chini ya milima ya Uluguru, upande wa mashariki, kama Matombo na Mkuyuni. Mkarafuu ukipandishwa juu mno, waweza kuwa na majani ya kupendeza, lakini matumba yake huwa machache. Na matumba ndiyo tunayouza, siyo majani.

Nne: urefu peke yake hautoshi

Hapa yafaa tuangalie nchi yangu, maana inatoa funzo zuri. Bara, magharibi ya pwani yetu, kuna uwanda wa juu wa Mueda, wakaako Wamakonde. Uwanda huo una urefu wa mita 800 hivi, yaani karibu sawa na Amani. Je, Mueda ni nchi ya iliki? Hapana. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kama Desemba mpaka Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Udongo wake hupitisha maji yakazama chini sana, hata tangu zamani watu walishuka mabondeni kutafuta maji. Urefu upo, ubaridi upo, lakini unyevu wa mwaka mzima haupo.

Na Vamizi je? Kisiwa chetu kiko chini kama Pemba, joto lipo, basi mbona hakuna mikarafuu? Jibu ni udongo. Mkarafuu hutaka udongo wenye kina, na sisi tuna mawe. Hata Unguja kwenyewe, upande wa mashariki wenye mawe ya matumbawe, unaoitwa uwanda, si nchi ya karafuu. Kwa hiyo mwanafunzi akumbuke mambo manne pamoja: joto, mvua, kivuli na udongo. Urefu wa nchi hubadili mawili ya kwanza. Mengine mawili sharti yatazamwe kwa macho.

Tano: hatari iliyopo

Iliki inataka kivuli, na kivuli ni msitu. Katika Usambara ya Mashariki wakulima wengi walifyeka miti midogo ya msituni, wakaacha mikubwa, wakapanda iliki chini yake. Miaka ya kwanza mavuno yalikuwa mazuri. Baadaye rutuba ilipungua, mavuno yakashuka, na mahali pengi miti iliyobaki ikakatwa ili kupanda mazao mengine. Kisha mtu akaingia kipande kipya cha msitu. Lakini msitu ule ndio unaohifadhi maji ya mto Sigi, na mto Sigi ndio unaonywesha mji wa Tanga. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu ilitengwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kutafuta riziki, lakini asipoirudishia ardhi mboji na miti, atakuwa amekula mbegu pamoja na mavuno.

Tena dunia inazidi kuwa na joto. Turudi kwenye hesabu yetu. Ikiwa mita 100 ni digrii 0.65, basi digrii 1 ni sawa na mita 150 na zaidi kidogo. Maana yake, joto la nchi likizidi kwa digrii 1, mahali panapoifaa iliki hupanda mlima kwa mita 150 hivi. Lakini mlima una mwisho: Usambara ya Mashariki haizidi sana mita 1,500, na kadiri tunavyopanda, ardhi huwa nyembamba. Kivuli cha miti ndicho kinachoweza kumpa mkulima nafuu pale pale alipo, kwa kuwa chini ya miti hewa hupoa na udongo hukawia kukauka. Kwa hiyo anayepanda mti katika shamba lake la iliki anazidisha mavuno yake mwenyewe, na huko chini anawatunzia wengine maji yao.

Maswali ya kujipima

1. Mji ulio pwani una wastani wa digrii 27. Je, kijiji kilicho mita 1,200 juu yake kitakuwa na digrii ngapi?

2. Mashamba mawili yako mita 900, moja mashariki ya mlima na jingine magharibi. Upepo wa mvua hutoka mashariki. Utapanda iliki wapi, na kwa nini?

3. Mwenzako anataka kupanda karafuu kisiwani Vamizi. Utamshauri nini?