Masikio ya Holo: Nani Anajua Nini katika Spice and Wolf

Kila anime ya fantasia inapotoka, mabishano ya hostelini huwa yale yale. Mmoja anasema kitabu ni bora. Mwingine anauliza nani ana muda wa kusoma juzuu 17 wakati mitihani iko mlangoni. Wa tatu anataka kujua tu kama kuna mapigano. Halafu siku ya siku mwalimu anatoa kazi ya kulinganisha riwaya na toleo lake la skrini, na yule yule wa "kitabu ni bora" anajaza kurasa nne: hiki kimekatwa, kile kimeongezwa, huyu kabadilishwa jina. Alama zinarudi kiduchu, analalamika kwamba mwalimu hapendi katuni.

Mwalimu hana shida na katuni. Shida ni kwamba orodha ya vilivyokatwa haijibu swali lolote. Hapa nataka kupendekeza swali moja ambalo linajibika, na nitalijaribu kwenye kazi moja ninayoifahamu vizuri: katika kila toleo, nani anajua nini, na anakijua lini?

Kazi yenyewe ni Spice and Wolf ya Isuna Hasekura. Juzuu ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2006, ikiwa na michoro ya Juu Ayakura. Ni riwaya nyepesi, zile ambazo Wajapani wanaziita ranobe: kitabu kidogo cha kuingia mfukoni, aya fupi, mazungumzo mengi, picha chache hapa na pale. Kwa Kijapani jina linaanza na mbwa-mwitu, kisha viungo, Kiingereza kikageuza. Lawrence ni mchuuzi anayezunguka na mkokoteni katika nchi inayofanana na Ulaya ya zama za kati. Holo ni mungu wa mavuno, mbwa-mwitu mwenye umbo la msichana, masikio na mkia vikiwa bado vipo, ambaye amechoshwa na kijiji cha Pasloe kilichomsahau na anataka kurudi kwao kaskazini, Yoitsu. Hakuna mashindano ya uchawi wala mfalme wa mashetani. Kuna bei, mikopo, na watu wawili wanaobishana juu ya mkokoteni.

Hadithi hiyo imetengenezwa anime mara mbili. Ya kwanza mwaka 2008, studio Imagin, muongozaji Takeo Takahashi, na msimu wa pili mwaka 2009. Kisha mwaka 2024 studio Passione ikaanza upya kabisa, vipindi 25, Takahashi akiwa muongozaji mkuu na sauti za Jun Fukuyama na Ami Koshimizu zikirudi kwa Lawrence na Holo. Kwa hiyo juzuu ile ile ya kwanza tunayo katika sura tatu. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya insha hiyo ni bahati, wala usiiachie.

Tuanze na masikio. Kitabuni msimulizi anatumia nafsi ya tatu, lakini amekaa begani kwa Lawrence na hashuki. Tunaona anachokiona Lawrence, tunasikia anachokiwaza. Holo hatumwoni ndani hata kidogo. Masikio yake yakitikisika chini ya kofia, tunajua kwa sababu Lawrence ametazama. Akitazama kwingine, sisi nasi tumekosa. Kusoma juzuu ile ni kumkisia Holo ukurasa baada ya ukurasa, na mara nyingi unakisia vibaya pamoja na Lawrence. Holo anasema anaweza kusikia mtu akidanganya. Yeye ana kipimo, wewe huna.

Anime haiwezi kukaa begani namna hiyo. Kamera lazima ielekee mahali, na mara nyingi inaelekea kwa Holo. Lawrence anaongea huku akiangalia barabara, nyuma yake mkia unatikisika, na sisi tumeshajua amefurahi kabla Lawrence hajajua lolote. Hapo hakuna tukio lililokatwa wala sentensi iliyoongezwa. Lakini nafasi ya mtazamaji imehama: kitabuni tulikuwa wajinga pamoja na mchuuzi, kwenye skrini tunamcheka mchuuzi pamoja na mbwa-mwitu. Ndiyo maana watu waliotazama tu humkumbuka Holo, na waliosoma huongea sana kuhusu Lawrence. Kila mmoja amesimuliwa na mtu tofauti.

Upande wa pili wa mizani ni fedha. Kiini cha juzuu ya kwanza ni sarafu iitwayo trenni. Kijana mmoja, Zheren, anamnong'oneza Lawrence kwamba trenni mpya itakuwa na fedha nyingi zaidi, hivyo anunue sasa. Holo anasikia kuna uongo katika maneno yale, na baadaye anazisikiliza sarafu zenyewe zikigongana, anagundua kiasi cha fedha ndani yake kinapungua. Sasa kwa nini mtu aeneze uvumi utakaowatia hasara wachuuzi wadogo?

Fanya hesabu, tarakimu ni zangu. Mfalme mwenye madeni anakusanya sarafu 100 za zamani, anaziyeyusha, anachanganya na madini ya bei rahisi, anatoa 120 zenye sura ile ile. Amepata 20 za bure mpaka watu washtuke. Ila hawezi kuanza bila zile 100, nazo ziko mifukoni mwa watu. Kampuni itakayozikusanya kimya kimya inaweza kwenda ikulu na kuuza, na malipo yake yakawa upendeleo, tuseme msamaha wa ushuru. Bei ikishuka, wachuuzi waliodanganywa watazitupa sarafu zao kwa hofu, na kampuni itaziokota. (Waliosoma historia ya pwani watakumbuka riale ya Maria Theresa: sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 miaka mingi baadaye, na ikakubalika mbali na Ulaya kwa sababu watu waliamini fedha iliyomo. Trenni inaishi kwa imani hiyo hiyo, na hadithi inauliza imani inauzwaje.)

Kitabuni hesabu hii inafanyika kichwani mwa Lawrence. Anaigeuza, anaiacha, anairudia usiku, mpaka inafunguka. Hiyo ndiyo sehemu ya kusisimua ya juzuu, niamini. Kwenye anime ya 2008 sauti ya ndani ipo kidogo, lakini maelezo mengi lazima yapite mdomoni kwa mtu, la sivyo mtazamaji anapotea. Basi fikra inageuka somo: mmoja anaeleza, mwingine anaitikia. Lawrence wa kitabu anaonekana mwerevu kwa sababu tunamwona akihangaika. Wa skrini anaonekana mwerevu kwa sababu anaongea kwa uhakika. Kwangu mimi hapa kitabu kinashinda, tena kwa mbali.

Lakini kuna jambo ambalo anime inashinda, nalo ni sauti. Holo anaongea Kijapani cha kikale, kinachofanana na lugha ya wanawake wa mitaa ya starehe ya zamani, akijiita "wacchi" badala ya neno la kawaida la "mimi". Fikiria mshairi wa kale wa Lamu amepanda daladala ya Kariakoo na anabishana nauli kwa lugha yake ile ile. Tafsiri ya Kiingereza inajitahidi, ila sisi tunaosoma tafsiri tunakuwa tumeibiwa nusu ya mhusika. Koshimizu anaturudishia. Hata usipojua neno moja la Kijapani, unasikia kwamba huyu ni mzee kuliko kila mtu chumbani.

Sasa badiliko ambalo kila mtu analitaja: Chloe. Kitabuni anayesimama mbele ya Lawrence mwishoni, kule chini ya mji, ni Yarei, mkulima wa Pasloe na rafiki wa siku nyingi. Kijiji chake kimejifunza mbinu mpya za kilimo na hakitaki tena kushukuru mungu asiyetabirika. Anamtaka Lawrence amtoe Holo, wafanye biashara pamoja. Anime ya 2008 ilimwondoa, ikamweka msichana Chloe, anayempenda Lawrence. Ukiuliza swali letu, sababu inaonekana. Waandaaji walikuwa na vipindi sita kwa juzuu nzima, na walihitaji sura ambayo mtazamaji ataikumbuka kutoka kipindi cha kwanza. Hisia za Chloe tunaziona tangu mapema, Lawrence hazioni. Ni mchezo ule ule wa masikio, umefanywa tena kwa mtu mwingine.

Gharama yake ni kwamba hoja ya kijiji inazama. Yarei hamchukii Holo wala hana wivu. Amepiga mahesabu kama Lawrence anavyopiga, na jibu lake ni kwamba Holo hahitajiki tena. Hilo linauma kuliko mapenzi, kwa sababu Holo anaweza kumdharau mwenye wivu, lakini atamjibu nini mtu mwenye ghala lililojaa? Toleo la 2024 lilimrudisha Yarei, na mzozo ukarudi mahali pake.

Kwa anayetaka kufanya zoezi hili mwenyewe, nina pendekezo moja la ziada. Msimu wa 2009 ulichukua juzuu ya tatu, ukaruka ya nne, ukaenda ya tano. Juzuu ya nne inatokea Tereo, kijiji kidogo kinachoshikilia mungu wake wa zamani huku kanisa likiwa katikati yake, na ngano yake inakuja kushukiwa kuwa na sumu. Yaani ni Pasloe kwa upande wa pili: wanakijiji ambao hawajamwacha mungu wao. Mtazamaji wa 2009 hakuwahi kukutana nao, na mpaka vipindi 25 vya 2024 vinaisha, Tereo ilikuwa bado haijafika kwenye anime. Isome kwanza, kisha utazame vipindi vya Lenos vya 2009, uandike ni mambo gani Lawrence na Holo wanapaswa kuwa wameshayajua wakati huo ambayo mtazamaji hajaambiwa.