Bomba la Mgongoni: Jinsi Linavyofanya Kazi na Namna ya Kulipima

Katika bonde la Mang'ola, wilayani Karatu, vitunguu hulimwa kwa maji ya chemchemi yanayoongozwa kwa mifereji. Adui mmoja wa zao hilo ni thiripi, mdudu mdogo ajifichaye katikati ya majani na kuyafyonza. Ili kumwangamiza, mkulima hubeba bomba la dawa mgongoni. Mara nyingi dawa hupimwa kwa kifuniko cha chupa, ikadhaniwa kuwa kazi ya kupima imekwisha. La hasha! Kiasi kinachofika shambani hutegemea pia bomba lenyewe na mwendo wa alibebaye.

Ndani ya bomba

Mpini unaposukumwa, pistoni huingiza maji ya dawa katika chumba chenye hewa. Hewa hiyo hubanwa, nayo huendelea kuyasukuma maji hata wakati pistoni inaporudi. Vali huyazuia maji yasirejee tangini. Maji hupita katika mpira hadi kwenye nozeli, yenye tundu dogo, na hapo hutawanyika kuwa matone.

Mtiririko katika nozeli hulingana na kipeuo cha pili cha kanieneo. Maana yake, ili kupata mtiririko maradufu, yatupasa kuongeza kanieneo mara nne. Lakini kanieneo kubwa huzaa matone madogo mno, ambayo upepo huyapeperusha hadi shamba la jirani au usoni mwa mpulizaji. Kwa hiyo, atakaye maji mengi zaidi abadilishe nozeli, asipampu kwa nguvu kupita kiasi. Nozeli iliyolika tundu lake nayo hutoa maji mengi bila mwenyewe kutambua.

Jaribio la uwanjani

Wanafunzi watumie bomba jipya, lisilowahi kutiwa dawa, pamoja na maji safi tu.

1. Nyunyizeni ndani ya ndoo kwa dakika moja, kisha pimeni maji. Huu ndio mtiririko.

2. Mmoja wenu atembee kwa mwendo wake wa kawaida huku akipampu. Pimeni meta anazokwenda kwa dakika moja.

3. Pimeni upana wa ardhi iliyolowa.

Lita kwa hekta = mtiririko × 10,000 ÷ (mwendo × upana)

Tuseme mtiririko ni lita 1.2 kwa dakika, mwendo ni meta 60 kwa dakika, na upana ni meta 1. Jibu ni lita 200 kwa hekta. Tangi la lita 15 litatosha meta 750 za mraba. Ikiwa kibandiko cha chupa chaagiza lita 1.5 za dawa kwa hekta, basi kila tangi litiwe mililita 112.5.

Sasa fikirini mpulizaji mwingine, mwenye mchanganyiko ule ule, lakini aendaye meta 30 kwa dakika. Yeye atamwaga lita 400 za maji kwa hekta, na pamoja nazo lita 3 za dawa: mara mbili ya kipimo! Kifuniko ni kile kile. Kilichobadilika ni miguu.

Kwa nini tujali?

Dawa ikipungua, wadudu wenye uwezo wa kuistahimili husalia na kuzaana, hata mwishowe dawa hiyo isifae tena. Ikizidi, mkulima hupoteza fedha, walaji hudhurika, na ziada yaweza kuingia mferejini. Tena Ziwa Eyasi, lililo jirani na Mang'ola, halina mto utokao; maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na kilichoyeyuka ndani yake huenda kikabaki.

Zoezi

Nozeli ya bomba letu imelika, na sasa hutoa lita 1.5 kwa dakika. Mwendo na upana havikubadilika. Je, tangi la lita 15 litatosha eneo gani? Nalo litiwe mililita ngapi za dawa ile ile?