Dondoo muhimu: Usilale na kufuli mkononi

Kwa vijana wa Donholm wanaoandika draiva za Linux usiku, kanuni ya kwanza: ukishika spinloki, usilale. Ploti zetu tunazijua. Jirani amejifungia bafuni anangoja aletewe maji, na bomba la pekee liko humo humo. Mwenye ndoo atagonga mpaka kesho. Kerneli hukwama vivyo hivyo, anayetakiwa kutimiza sharti unalolingoja anapolihitaji kufuli ulilolishika.

Kulifungua kisha kulala nako hakutoshi. Katikati hapo mwenzako aweza kutimiza sharti na kuita wake_up(), mwito ukupite, ulale moja kwa moja. Tumia wait_event_lock_irq(): hukuingiza kwenye foleni, hukagua sharti, huachilia kufuli, hulala, na ikiamka hulishika tena. Ukijiundia mwenyewe, anza na prepare_to_wait() ndipo ukague, tena ndani ya kitanzi, maana kuamshwa si ushahidi kwamba sharti limetimia. Thamani ulizosoma kabla ya kulala, zisome upya. Naye anayekuamsha abadilishe sharti akiwa na kufuli lilo hilo.

Muteksi huruhusu kulala, na ndipo wengi huteleza: hakuna onyo, ila mkwamo ni ule ule.

Washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na CONFIG_PROVE_LOCKING. Hii ya pili huwasha lockdep, iliyoingia katika Linux 2.6.18 mwaka 2006. Jaribu kila kitu ndani ya QEMU, si kwenye laptopu yako ya pekee. Kuizima ghafla waachie stima.