Zamu ya usiku kwa mwenye jicho kali

SWALI: Kijana wa Titye, wilayani Kasulu, ana cheti cha kidato cha nne na hesabu zake hazipishani hata shilingi. Afanye kazi gani ya zamu?

JIBU: Maabara ya hospitali. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania, na ingawa kipimo cha haraka husema ipo au haipo, wingi wa vimelea huhesabiwa kwa macho.

Mtaalamu hutandaza tone nene la damu kwenye slaidi, hulipaka rangi ya Giemsa, kisha huinamia hadubini. Huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu, mpaka chembe hizo zifike 200. Akipata vimelea 40, huzidisha kwa 8,000, makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu, na kugawa kwa 200: jibu ni vimelea 1,600 kwa mikrolita. Afanye hivyo saa tisa usiku, wakati wodi ya wazazi inasubiri maabara ilinganishe damu ya kumwongezea mama anayevuja. Hapo jina lililokosewa kwenye kichupa cha sampuli laweza kuua.

Mwenye haraka ataichukia kazi hii.

Uuguzi nao una zamu na dozi za kukokotoa, ila unadai maneno mengi na wagonjwa. Mtu mkimya hupumua zaidi maabara. Stashahada ya maabara huchukua miaka mitatu, na vyuo hutazama kwanza ufaulu wa Baiolojia na Kemia.