Kuteleza si kuanguka

Huko Marekani liko jimbo la Minnesota. Wakati wa baridi kali, maji ya maziwa yake hugeuka barafu ngumu, hata watu hutembea juu yake. Katika mji wake mdogo wa Chisholm alizaliwa John Shuster, mwaka 1982.

Watu wa huko hupenda mchezo uitwao kerlingi, uliotoka Uskoti zamani. Makundi mawili, kila moja la watu wanne, hushindana juu ya barafu. Mchezaji husukuma jiwe zito la kilo 20 hivi, likateleza mpaka kwenye duara lililochorwa mbali. Wenzake wawili hulitangulia, wakisugua barafu kwa fagio, ili jiwe lifike mbali na lisipinde sana. Jiwe linalokaribia kitovu cha duara kuliko mawe ya wapinzani hupata alama.

Mwaka 2006, katika Michezo ya Olimpiki huko Italia, Shuster na wenzake walipata nishani ya shaba. Baadaye akawa kapiteni. Lakini mwaka 2010, huko Kanada, kundi lake lilikuwa la mwisho kati ya makundi 10. Mwaka 2014, huko Urusi, likawa la 9. Wakubwa wa mchezo wakamwacha, wakachagua wengine.

Je, aliacha fagio lake? Hapana. Alijiunga na Tyler George, Matt Hamilton na John Landsteiner, wakajizoeza kwa bidii. Mwaka 2015 wakawa wa kwanza katika taifa lao.

Mwaka 2018 wakaenda Olimpiki ya Korea ya Kusini. Katika michezo 6 ya kwanza walishindwa mara 4. Hawakulegea, wakashinda mara 5 mfululizo. Siku ya mwisho walipambana na Uswidi. Baada ya zamu 7 walikuwa sawa, 5 kwa 5. Katika zamu ya 8 Shuster akasukuma jiwe la mwisho. Likayaondoa mawe mawili ya Uswidi, wakapata alama 5 mara moja! Wakashinda 10 kwa 7. Ndiyo nishani ya kwanza ya zahabu ya Marekani katika kerlingi ya Olimpiki.

Watoto, aliyekosa hesabu leo na ashike tena kibao chake kesho. Kuteleza si kuanguka.

Maulizo
1. Kwa nini wachezaji husugua barafu?
2. Shuster alifanya nini alipoachwa?
3. Eleza methali ya somo hili.